Dungu Langu la Tallinn

Kadi yenyewe ilikuwa nyepesi kama ya benki. Ilikuja ndani ya kiboksi kidogo, pamoja na kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta na bahasha yenye namba za siri. Niliichukua ubalozi wa Estonia, Berlin, mwezi wa sita mwaka 2017, nikarudi Hamburg kwa basi la usiku nimeipakata kama mtu aliyebeba mayai. Haikupita wiki mbili, mjomba wangu pale Kibiti alikuwa ameshawatangazia watu wa barazani kwamba mtoto wa dada yake amepata ukaazi wa Ulaya.

Mjomba hakuwa muongo. Jina la mpango uliotoa kadi ile lina neno ukaazi ndani yake, na mimi ndiye niliyemtafsiria kwa simu, haraka haraka, salio likielekea kuisha. Nilisema ukaazi. Neno kielektroniki nililimeza. Habari yote ilikuwa kwenye neno hilo.

Nilikuwa Hamburg tangu Agosti 2016, kwa mpango wa kujitolea ambao Wajerumani walikuwa wakiwapeleka vijana wao kwetu, na mwaka 2013 wakafungua mlango kwa vijana wa huku nao waende kwao. Nilipangiwa chekechea, upande wa Altona. Hamburg na Dar es Salaam ni miji iliyofungiana udugu tangu mwaka 2010, kwa hiyo Kiswahili hukikosi, na pilau ya Idi unakula.

Siku moja ya baridi nikapita mtaa wa maduka pale Ottensen, nikaona kikapu dirishani. Nikasimama. Kilikuwa cha ukindu, kimeshonwa kwa ukili mwembamba, na pale chini, mahali ukili unapoanza kuzunguka, mshonaji alikuwa ameukunja kidogo kuficha mwanzo. Kwetu wanawake wengi huuacha mwanzo ukaonekana. Sikujua kilitoka wapi, pengine hata si Tanzania, lakini mkono ule niliufahamu. Kikaratasi cha bei kilisema euro 39. Kwa bei ya siku zile ilikuwa karibu shilingi laki moja. Mama yangu kikapu cha namna ile alikuwa akikiuza shilingi 6,000 stendi ya Kibiti, kwa abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara wanaonunua kwa dirishani, tena baada ya kuvutana naye mpaka dereva apige honi.

Hesabu hiyo ingetosha kunipa wazo la biashara. Lililonipa wazo la kutorudi lilikuwa jambo jingine. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa eneo la Mkengeni, Kibiti. Kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa tano bodaboda zikapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mama alinipigia akiwa ndani, mlango umekomewa, saa moja usiku. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya stendi. "Tulia huko huko kwanza, mwanangu. Ukipata namna ya kukaa, kaa."

Nikanunua daftari.

Kila nchi niliipa kurasa nne, na juu ya kila ukurasa wa kwanza niliandika swali moja: ni rahisi? Wengi wetu tunaanza na swali hilo. Nimelisikia Kariakoo, nimelisikia kwa Wasomali wa Hamburg, na mpaka leo vijana wa Kibiti wananijia nalo: dada, nchi gani rahisi?

Nilianza na Ujerumani kwa kuwa nilikuwa ndani yake. Kibali changu kilikuwa na mstari mfupi unaosema kazi ya kujiajiri hairuhusiwi. Nilikuwa nimeishi na kibali hicho miezi minane bila kuusoma. Kifungu cha 21 cha Sheria yao ya Ukaazi ndicho kinachomhusu mgeni anayetaka kufanya biashara yake. Hadi mwaka 2012 kilikuwa kinataja kipimo cha euro 250,000 na ajira tano. Mwaka huo wakaifuta namba, wengi wakashangilia. Mimi nilipoketi na mshauri mmoja wa wageni, mzee mpole aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi isiyo na sukari, aliniambia nisishangilie sana. Namba iliondoka, maswali yakabaki. Biashara yako ina haja gani hapa? Itauletea nini uchumi wa hapa? Fedha za kuianzishia unazo, au una mkopo ulioahidiwa? Ofisi ya wageni haijibu peke yake. Inauliza wanaoijua biashara ya eneo lile, kama vile chemba ya biashara. Na ukiwa umepita miaka 45, unaonyesha pia utakula nini uzeeni.

Halafu kuna nyumba. Ujerumani huwi mtu mpaka uwe na anwani iliyoandikishwa, na tangu Novemba 2015 mwenye nyumba lazima akuandikie karatasi kwamba kweli umehamia kwake. Wenzangu wa Ulaya walikuwa wakilalamika. Mimi nilicheka peke yangu. Hiyo ni barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa tu, isipokuwa mwenyekiti wa kwetu unampata chini ya mwembe, na huyu wa Hamburg unamtafuta miezi mitano na watu sitini wamepanga foleni kwenye ngazi kuangalia chumba kimoja.

Uholanzi niliipenda kwa sababu ilisema waziwazi inavyohesabu. Mfanyabiashara mgeni anapimwa kwa alama 300 katika mafungu matatu: uzoefu wake, mpango wake wa biashara, na faida ya biashara hiyo kwa Uholanzi. Usipopata alama 30 katika kila fungu, rudi nyumbani. Mmarekani hapimwi hivyo. Kuna mkataba wa urafiki wa mwaka 1956, na yeye akiweka euro 4,500 kwenye biashara yake mambo yamekwisha. Niliposoma hivyo nilikasirika, kisha nikakumbuka watani wanavyochukuliana jeneza wakadai pesa na hakuna anayewashitaki. Nchi nazo zina watani wao. Sisi hatumo.

Fungu la tatu ndilo lililonikwamisha. Unatuletea nini? Nilikaa na kalamu, nikaandika "vikapu vizuri," nikafuta.

Swali lile nilikuwa nimelisikia kabla sijajua kusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya wageni ilitaka kuchukua karibu hekta 10,000 za delta yetu kufuga kamba. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, na kamba wa baharini hukulia humo humo, bure, bila bwawa la mtu. Serikali iliupitisha mradi mwaka 1997 ingawa wataalamu wa mazingira walionya, wanakijiji wakaenda Mahakama Kuu, na mwisho wa yote mabwawa hayakuchimbwa. Nilikuwa mtoto wa kusukwa nywele uani kwa bibi, na wazee barazani hawakuwa na neno jingine: anatuletea nini huyu, na anakuja kuondoka na nini? Hakuna aliyewaona wakatili kwa kuuliza. Miaka 20 baadaye Mholanzi ananiuliza mimi, nanuna!

Ureno niliipitia upesi. Ilikuwa ikisifiwa kila mahali kwa viza yake ya mwekezaji iliyoanza mwaka 2012, nunua nyumba ya euro 500,000 ukae. Njia hiyo ya nyumba waliifunga mwaka 2023. Kwa mtu wa vikapu ilikuwa hadithi tu. Ipo viza ya wajasiriamali isiyotaka utajiri wa namna hiyo, lakini inataka uonyeshe biashara inayoweza kukulisha kule, na mimi Mreno sikumjua hata mmoja, licha ya kwamba leso na meza tulizichukua kwao. Uingereza wakati ule ilitaka pauni 200,000 kwa mjasiriamali wa kawaida. Ukurasa wake uliishia hapo.

Estonia ikaja kama mvua ya mango. Nchi ya watu milioni 1.3 iliyoanza Desemba 2014 kuwagawia watu wa dunia kitambulisho cha kidijitali. Ada ilikuwa euro 100. Hawaulizi una nyumba wapi. Unafungua kampuni ndani ya Umoja wa Ulaya ukiwa umelala chali, unatia sahihi kwa namba ya siri, na faida haitozwi kodi ya kampuni mpaka utakapoigawa. Waliandika kwa herufi za kusomeka kabisa kwamba kadi haikupi haki ya kuingia nchini, wala ya kuishi, wala uraia. Nilisoma. Mtu huweza kusoma jambo na asilipokee.

Mkataba wangu ukaisha Agosti, nikarudi. Kibiti palikuwa pametulia kiasi, kwa ule utulivu wa watu wanaofunga maduka mapema. Mama alikuwa amekonda. Mjomba aliniita "mkaazi" kwa wiki nzima, na vijana watatu wakaja jioni moja na soda, wanataka niwapitishe.

Ndipo bibi, ambaye hakuwa amesema kitu tangu nishuke kwenye basi, aliponitaka nimweleze ile kadi ni nini hasa. Nikaeleza. Kwamba nina kampuni kule, ila mimi nipo huku. Naweza kufanya kazi kule, kulala siruhusiwi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetambua sura.

"Dungu," akasema.

Ambaye hajui dungu nimweleze. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa bondeni. Mto Rufiji ulikuwa ukifurika, maji yakishuka unaacha udongo mweusi, watu wanapanda mahindi ya mlau kwenye unyevu ule bila kungoja mvua. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalipopita, serikali ikaja na Operesheni Rufiji, mwaka 1969 watu wakapandishwa mlimani kwenye vijiji vipya. Kule kulikuwa na shule, zahanati na mchanga. Udongo ulibaki bondeni. Kwa hiyo kila msimu babu alishuka, akasimamisha miti minne, akajenga kibanda cha juu kwa juu, maji na nguruwe vipite chini, akakaa humo miezi akiamia ndege na kulinda shamba. Kitabu cha kijiji kilimwandika mlimani. Chakula chake kilitoka bondeni.

Nililala dunguni mara moja, nina miaka tisa. Sakafu ya fito inaingia mgongoni. Kamba ndefu inatoka mkononi mwa babu inakwenda hadi kwenye debe lenye mawe katikati ya mpunga. Ndege wakitua anaivuta, debe linalia, wanaruka, wanatua tena. Alfajiri niliamka nikakuta amelala ameketi, na mkono bado unavuta. Nilimuuliza bibi siku nyingi baadaye kwa nini wasihamie huko huko moja kwa moja. Alinijibu kwamba dungu si nyumba. Hakuna aliyezikwa dunguni.

Basi nikawa na dungu langu Tallinn, na kama madungu yote, lilitaka kulindwa. Kampuni niliifungua Septemba kwa bando la simu, nimekaa chini ya mwembe wa mama, kifaa cha kadi kimening'inia kwenye kompyuta ya kuazima. Nikalipia anwani ya huko, kwa sababu kampuni lazima iwe na anwani. Mwaka huo huo wataalamu waligundua udhaifu katika kadi zilizotolewa tangu Oktoba 2014, na Novemba serikali ya Estonia ikasitisha vyeti vya kadi zaidi ya laki saba, zikiwemo zetu sisi wa mbali. Ukitaka kadi ifanye kazi, uihuishe kwa mtandao. Nilikwenda steshenari ya karibu na stendi siku nne mfululizo. Ikifika asilimia 80 mtandao unakata. Siku ya nne yule kijana wa kupiga fotokopi aliwafukuza wateja wote waliokuwa wakitumia mtandao wake, akasimama mlangoni kama mgambo, ikapita. Nikamnunulia chipsi mayai.

Akaunti ya benki sikuipata. Benki ya kwanza ilitaka niende mwenyewe na nionyeshe nina uhusiano gani na nchi. Ya pili, hizi za kwenye simu, ilinikataa bila kusema kwa nini. Kampuni bila akaunti ni dungu bila shamba. Nikaendelea kulipia anwani, na mwaka 2018 sheria ikataka pia mtu wa huko wa kupokea barua zako, naye ana bei yake.

Aliyeniamsha kabisa ni mhasibu mmoja wa Mbagala niliyempelekea makaratasi. Dada mwenye haraka, anaongea huku anapiga muhuri.

"Hii kampuni anaiongoza nani?"

"Mimi."

"Maamuzi unafanyia wapi?"

"Kibiti."

"Basi inakaa Kibiti," akasema, akageuza ukurasa. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni ambayo usimamizi na uongozi wake uko Tanzania ni mkaazi wa Tanzania, iwe imesajiliwa mwezini. Nilikuwa nimelipa anwani ya Tallinn mwaka mzima ili kampuni yangu iwe mkaazi wa Kibiti. Mimi sikupata ukaazi wa Ulaya. Kampuni ya Ulaya ndiyo iliyopata ukaazi wa kwetu, tena bila barua ya mwenyekiti.

Niliifunga mwaka 2019. Kadi ilipoisha muda sikuihuisha.

Daftari lakini sikulitupa. Nililifungua upya, nikafuta lile swali la juu, nikaandika mawili: mwili wangu unatakiwa uwe wapi, na mzigo unatakiwa uwe wapi? Mwili wangu ulitakiwa hapa. Ukindu unachumwa hapa, na mshonaji anayekunja mwanzo wa ukili hatakunja kwa kuambiwa kwenye simu. Lazima ukae naye, umfumulie, muanze tena wote wawili mkicheka. Mzigo ndio uliotakiwa uwe Ulaya, pamoja na mtu mwenye anwani na ankara. Mtu huyo nilikuwa naye tangu zamani: dada mmoja wa Kitanzania wa Hamburg, mwenye kibali cha kudumu, aliyekuwa akinipikia maandazi. Akaandikisha biashara yake ndogo manispaa, asubuhi moja, kwa fomu moja. Mlango niliouzunguka miaka miwili ulikuwa wazi kwa mwingine.

Mzigo wa kwanza ulikuwa vikapu 60. Vilishonwa Aprili, masika yamekolea, nikavifunga kwenye nailoni nikiamini namkinga mteja na vumbi. Vilifika na ukungu wa kijani, 41 kati ya 60, na yule dada akavipiga picha kimoja kimoja bila kuandika neno. Tangu siku hiyo hatufungi mzigo wa masika. Ukindu unakauka, kikapu kinakauka, kinakaa wiki darini, ndipo kinaingia kwenye boksi, tena boksi la karatasi. Ushuru wa forodha haukutusumbua kwa kuwa bidhaa za nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwemo, zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru tangu mwaka 2001, na kwa mzigo usiozidi euro 6,000 tamko la asili msafirishaji analiandika mwenyewe kwenye ankara. Kodi ya ongezeko la thamani ndiyo inayouma, asilimia 19 Ujerumani, nayo yule dada huilipa mzigo unapoingia. Zamani vifurushi vya hadi euro 22 vilikuwa vinapita bila kodi hiyo. Julai 2021 wakaifuta nafuu hiyo, na wale waliokuwa wakituma kikapu kimoja kimoja kwa posta wakaumia.

Kuna siku yule dada alinishauri nihamie tu, nitafute njia, hata miaka ikipita nichukue uraia. Nilimuuliza na shamba la minazi la mama? Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Ukichukua wa kwao, wa kwetu umeuacha, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 wakati ule haikuwa ikimpa asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Ningerudi delta kama wale watu wa kamba, niulizwe naleta nini. Tukacheka, ila yeye alicheka kwa muda mfupi kuliko mimi. Uraia alikuwa ameshaomba.

Wajerumani wenyewe, wakati wao, waliishi deltani bila kibali cha mtu. Meli yao ya vita Königsberg ilijificha kwenye mikondo yetu tangu mwaka 1914 hadi ilipoangamizwa Julai 1915, na mabaki yake yakabaki kwenye matope miaka na miaka. Bibi alikuwa akisema wageni wale walikaa muda mrefu kwa watu ambao hawakuwaalika.

Mwaka jana nilikuwa Nyamisati nikingoja mashua ya ukindu kutoka Kiomboni. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelalia ubavu, na mtu wa kungoja hana la kufanya ila kuongea. Kijana mmoja akaja akanisalimia kwa heshima zote, akatoa daftari. Jipya, lina picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Ameandika Poland, Ureno, Malta, na mbele ya kila moja namba ya wakala.

"Shikamoo dada. Nasikia wewe ulipata ukaazi. Kati ya hizi, ipi rahisi?"

"Marahaba. Unauza nini?"

"Kaa. Nawanenepesha kwenye vizimba kule mkondoni."

"Wanakwenda wapi?"

"Dar, halafu China. Wanafika hai."

"Na wewe unataka ukae wapi?"

Akatazama daftari lake, kisha akatazama mkondo. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanaingia kwenye mizizi ya mikoko kwa ule mlio wake wa kunong'ona.

"Ngoja kwanza nikawaangalie," akasema. Akalikunja daftari, akaliingiza kiunoni, akakunja suruali, akashuka.